Alifu

Wewe uliyepita Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri,
gari imelala kivulini mwa ukuta wa Bi Chumu,
ulikuwa na nini mkononi?
Msumari? Ufunguo? Breki ya baiskeli?
Nimeupima mkwaruzo wako: shubiri moja na vidole viwili,
umeshuka wima mlango wa kushoto, mweupe juu ya buluu,
umenyooka.
Hilo ndilo linaloniuma. Mkono haukutetema.

Gari hii, ujue, ni misimu minne ya karafuu.
Ni pishi kwa pishi,
ni mimi juu ya mti na mvua ya vuli ikiniingia shingoni,
ni harusi mbili nilizokwenda na shati moja.
Niliipokea Mkoani ikishuka melini kinyumenyume,
redio ikisema Kijapani,
sijui ikinisalimu au ikinitukana.
Nailoni za vitini sikuzitoa.
Mama alipotaka kupanda nilimwambia, "Pangusa miguu."
Mama mzazi. Nilimwambia.

Usiku ule sikula.
Nilitoka na tochi mara tatu, kama mwenye ng'ombe anayetaka kuzaa.
Nikasugua dawa ya meno, kama nilivyoshauriwa.
Nikasugua mafuta ya nazi, ukapotea, nikashukuru,
na jua lilipotoka ukarudi
unang'aa kama jino.

Fundi Massoud wa Machomane alichuchumaa, akaupitisha ukucha.
"Ukucha umekwama," alisema,
kwa sauti ya daktari mbele ya jamaa za mgonjwa.
"Rangi hii Chake hakuna, mpaka niagize Unguja.
Na nikiipiga, itakuwa mpya kuliko wenziwe.
Utaondoa mkwaruzo, utapata kiraka. Chagua."

Bikombo hakusema kitu.
Alileta kanga yake kuukuu, akaining'iniza mlangoni mwa gari,
maandishi nje:
KILICHOTOKA DUKANI HAKIRUDI.
Kisha akaingia ndani. Nilimsikia akicheka jikoni.

Nikakuvizia. Siku tatu, barazani, ufito nyuma ya mgongo.
Watoto wa chuoni wakapita na juzuu zao kifuani,
na mmoja akabaki nyuma.
Akaifunua kanga.
Akaweka kidole juu ya mkwaruzo, akakiteremsha polepole
mpaka mwisho.
"Alifu," alisema.

Nilitoka kama niliyemwagiwa uji wa moto.
"Kumbe ni wewe!"
Hakukimbia. Miaka sita, pengo mbele,
kofia imemshuka mpaka masikioni.
Alinitazama kama mtu aliyevunjiwa heshima.
"Si mie. Mie nshafika jimu."

Ungemjibu nini?
Ufito uliniponyoka, ukalia sakafuni,
tukautazama sote wawili.

Wiki mbili baadaye nilikuwa naingia uani kwangu,
mama kiti cha mbele na viatu vyake
na udongo wake wote wa Wawi.
Redio ikasema neno, akalijibu kwa Kipemba,
nikageuka kumtazama anavyocheka,
na nguzo ya lango ikachukua haki yake.
Mkwaruzo wa kulala, huu, mrefu,
umejikunja juu ncha zote mbili.
Hakuna wa kumvizia.
Yule kijana alikuwa keshafika kabla sijazima mashine.
"Bee," alisema. Akainamisha kichwa.
"Lakini haina kitone."

Basi wewe uliyepita Jumatano, mimi sikutafuti tena.

Uongo. Bado natazama mikono ya watu dukani.
Bado nikiegesha nageuka mara mbili.
Ila nailoni nimezichana, mama alikuwa akitoka jasho.
Na jana, njia ya Wesha, kokoto liliruka
likagonga chini ya mlango, ta!
Sijashuka kuangalia limepiga wapi.
Alasiri wakitoka chuoni
nitaambiwa.